Maganda ya Asle Mbao

Jumamosi, 17 Agosti

Mume wangu kafeli tena. Mwaka wa kumi na moja sasa, na bado kila mwaka nabaki mdomo wazi kama ndiyo mara ya kwanza.

Bonde letu lote lilikuwa uwanjani leo kwa mtihani wa bunduki. Bila kuufaulu huruhusiwi kumgusa elg, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, msimu ukifunguliwa. Risasi tano, mita mia moja, zote ziingie kwenye duara lililochorwa kifuani mwa mnyama wa karatasi. Asle alilala kwenye mkeka wake kando ya kaka yake Torgeir, kama kawaida yao. Wakapiga pamoja. Torgeir: tano kwa tano, zote zimekumbatiana. Asle: moja mguuni, moja kwenye pembe, na tatu hazikuonekana kabisa. Labda zimevuka mpaka hadi Uswidi.

"Asle Mbao!" wakapiga kelele wote. Ndilo jina lake bondeni, maana hupiga mbao za fremu kuliko mnyama.

Basi akaja Frode, yule mhasibu aliyehama mjini na kununua shamba la jirani pamoja na haki yake ya kuwinda. Kanitolea meno: "Gunnvor, tuambie ukweli. Mbovu ni bunduki, mume, au mpishi wa risasi?"

Mpishi wa risasi ni mimi. Baba yangu alinifundisha kujaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa: fataki mpya kitakoni, baruti tumboni, kichwa kipya juu. Risasi za Asle na za Torgeir hutoka kwenye meza moja, siku moja, kwa mkono huu huu. Mmoja anapiga kama malaika, mwingine kama mlevi. Niambieni basi mpishi kakosea nini!

Asle alicheka tu, akafunga bunduki. Huyo mtu hana aibu hata chembe. Mimi ndiye niliyelia garini, kwa hasira.

Jumapili, 18 Agosti

Mvua. Nimeapa: mwaka huu kosa nitalipata, na nitalipata kwenye maganda.

Nimeyamwaga yote juu ya meza ya jikoni. Kwanza nikayatenga kwa kiwanda, kufuata mhuri wa kitakoni. Kisha kwa umri, maana ganda lililopigwa mara sita limechoka na halifai kukaa na kigoli aliyepigwa mara moja. Kisha nikaingiza waya uliopinda ncha ndani ya kila moja na kupapasa ukuta wake karibu na kitako. Ncha ikikwama kwenye kijifereji, ganda hilo limeanza kukatika, nalo linakwenda kwenye ndoo ya chuma chakavu. Yaliyobaki nimeanza kuyapima kwenye mizani ndogo. Ganda zito lina ukuta mnene. Ukuta mnene hubana nafasi, na baruti ile ile ikibanwa husukuma kwa nguvu zaidi. Ukichanganya mazito na mepesi, risasi moja inapanda, nyingine inashuka, na mumeo anaitwa Mbao.

Nayapanga kwenye trei za mayai. Ya Asle nayajua hata gizani, kwa sababu bunduki yake, ambayo ilikuwa ya baba yao, ina kovu ndani ya chemba. Kila ganda linalopigwa humo hutoka na alama ndogo begani, kama limefinywa na ukucha wa mtoto. Naiita kikucha.

Na kama kila mwaka, ya Asle yamepungua. Nilipomuuliza, kajibu vile vile: "Yalipotelea majanini, Mama Sunniva." Mwanamume anayepiga mbao na bado anapoteza maganda! Nilimpa maneno yake.

Jumanne, 20 Agosti

Mvua. Nimepima unene wa shingo za maganda mpaka macho yananiwasha. Asle kaosha vyombo bila kuambiwa. Kuna kitu.

Jumamosi, 24 Agosti

Asle karudia mtihani. Katika trei zote nilikuwa nimepata maganda thelathini yaliyolingana kama mapacha: kiwanda kimoja, umri mmoja, uzito mmoja, shingo moja. Nikayapasha shingo kwa moto wa gesi, nikayajaza punje kwa punje. Nikamkabidhi kwenye boksi jekundu, nikamwambia, "Ukikosa na hizi, usirudi nyumbani."

Akaenda peke yake. Akarudi na karatasi yake: tano kwa tano. Kikombe cha kahawa kingezifunika zote.

Nilirukaruka jikoni kama mwendawazimu. Kisha nikafungua begi lake, na boksi jekundu lilikuwa pale, halijaguswa. Alikuwa amepiga zile za kopo la kijivu, mabaki niliyojaza ili apashie bunduki tu! Viwanda vitatu tofauti, uzito kila moja na wake, mengine ni wazee wa kustaafu.

"Ulichukua kopo la kijivu?"

"Ah. Ndilo lililokuwa karibu."

Nikakaa chini. Ikiwa mtu anaweza kupiga vile kwa takataka, Jumamosi iliyopita alikuwa anapiga nini?

Jumapili, 25 Agosti

Nimeyachunguza maganda matano aliyofeli nayo. Hayana kasoro yoyote. Nimeyapima mara mbili, nikayatazama kwenye mwanga wa dirisha. Mazuri kabisa.

Nilimuuliza Asle kama huwa anaogopa watu wanapomtazama. Akasema, "Huenda." Akatoka kwenda kuangalia kondoo ambao alikuwa ametoka kuwaangalia.

Jumamosi, 31 Agosti

Mvua, mvua. Viazi vimeanza kuoza shambani. Torgeir kaja na trekta kuchukua risasi zake. Gari aliliuza, anasema limemchosha. Alifanya kama afanyavyo daima: akaitikisa kila risasi sikioni, moja moja, kabla ya kuitia boksini. Sunniva, binti yetu, alimcheka, "Baba mkubwa, unasikiliza kama kuna kifaranga?"

"Kuna baruti," akamjibu. "Inaninong'oneza kuwa mama yako hajalala kazini."

Tangu afariki Borghild mkewe, aliyekuwa akimjazia risasi kabla yangu, hicho ndicho kicheko pekee ninachokisikia kwake, hapa jikoni kwangu, juu ya risasi.

Jumapili, 8 Septemba

Lazima niandike haya leo leo.

Nilipanda na Sunniva kwenda kusafisha kibanda cha wawindaji kule juu. Yeye alishughulikia jiko na panya waliokufa, mimi nikashughulikia ubao wa heshima. Umetundikwa juu ya meza tangu wakati wa babu zao: majina ya wawindaji yamechongwa, na mbele ya kila jina kuna safu ya misumari. Ukimwangusha elg, lile ganda ulilompigia linavikwa kwenye msumari wako mbele ya watu wote, siku hiyo hiyo, na halitolewi tena. Safu ya Torgeir imejaa mpaka inakaribia ukuta. Ya Asle ina matatu, yote ya zamani, Sunniva akiwa bado mtoto. Baada ya hapo ni misumari mitupu. Mara ngapi nimemtania kwa misumari ile mbele ya wageni!

Nikaanza kuyavua maganda ya Torgeir niyasugue kwa siki. La kwanza, la pili, ya zamani yote safi. Kisha kidole changu kikapita juu ya bega la ganda moja na kikasimama chenyewe.

Kikucha.

Nikalivua linalofuata. Kikucha. Linalofuata. Kikucha. Nikayapeleka mlangoni penye mwanga, nikageuza kitako, nikageuza bega, nikavaa miwani, nikavua miwani. Maganda kumi ya mwisho ya Torgeir, miaka kumi ya sifa, pamoja na yule dume mkubwa aliyetoka gazetini, yote yametoka kwenye bunduki ya mume wangu.

"Mama, umeona nyoka?" Sunniva akauliza.

"Nimeona vumbi," nikamjibu. Nikayarudisha yote kwenye misumari ya Torgeir, kwa mpangilio ule ule. Sijui hata tuliteremkaje mlima.

Maganda "yaliyopotelea majanini". Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nayahesabu kila mwaka na kumgombeza!

Jumatatu, 9 Septemba

Nilimkamata akimenya viazi. Sikuzunguka.

"Asle, maganda ya kaka yako yana kikucha."

Kisu kikasimama. Akamaliza kile kiazi, akakitia majini, ndipo akasema, "Nilijua siku moja utausugua ule ubao."

"Ni nani aliyewaua wale wanyama?"

"Unajua ni nani."

"Na mtihani?"

"Mimi nalenga karatasi yake. Yeye anapeleka zake upande wangu, pale anapoweza. Wiki inayofuata narudi, napiga ya kwangu."

Nilishika meza. Nilimwambia azungumze kama binadamu, aanze mwanzo. Akazungumza, huku bado anamenya. Macho ya Torgeir yamepata ugonjwa ule ule uliompata baba yao. Katikati pana doa la giza, anaona pembeni tu. Ilianza mwaka ule Borghild alipougua. Torgeir alikuja zizini akamwambia mdogo wake, "Nikikosa msitu pia, sina sababu ya kuvaa viatu." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya hao wanaume wawili katika miaka kumi.

Torgeir ndiye kiongozi wa msako, ndiye agawaye malindo, zile sehemu ambapo kila mwindaji huotea, basi amejigawia yeye na Asle yanayopakana. Asle anapiga. Anabonyeza redio call mara mbili bila kusema neno. Torgeir anatangaza, "Kalala." Kabla wengine hawajafika, Asle keshampa ganda la moto mkononi na kurudi kwake.

"Yaani kipofu amekaa msituni na bunduki!" Sauti yangu naamini ilifika hadi zizini. "Na mwanao anapita humo humo na mbwa!"

"Haina risasi. Naikagua kila asubuhi. Alinipa neno lake, na hajalivunja hata siku moja."

"Na wewe unaitwa Mbao. Na mimi nakuita Mbao!"

"Wewe huwa unaniita kwa utamu," akasema, akaosha kisu.

Nililia sana. Nimeishi na mtu huyu nikidhani ni butu, kumbe ndiye mkali wa bonde zima. Sasa naona haya kumtazama, na papo hapo natamani kumpiga na sufuria.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemtengenezea mkate wa maziwa. Mvua.

Jumamosi, 14 Septemba

Kikao cha malindo kwa Torgeir. Mikate myembamba ya kuokwa kwa chuma, jamu, kahawa. Kila kitu shwari hadi Frode aliponyoosha mkono.

"Jamani, mimi mgeni, mnisamehe. Lakini kila mwaka mzee Torgeir na Asle wanapata malindo mazuri. Na Asle hata hapigi kitu! Tupige kura. Tuandike namba, tuzitie kwenye kofia."

Wakacheka, wakakubali. Torgeir angesema nini? Akatoa kofia yake mwenyewe.

Torgeir kapata lindo la bwawani, pale wanyama wanapotokea wakifukuzwa. Asle kapata mgongo wa mlima, ng'ambo ya mto. Na anayefukuza ni Sunniva na mbwa wake Tussa. Njia yao inashuka moja kwa moja hadi bwawani.

Nilimtazama Asle. Asle aliitazama jamu.

Jumatano, 18 Septemba

"Sema na kaka yako," nikamwambia Asle. "Mwambie abaki kibandani, anaumwa mgongo, lolote."

"Nimekwenda jana. Kasema bunduki itakuwa tupu. Kanipa mkono."

"Mkono!"

"Gunnvor, ni kaka yangu. Nikimwambia simwamini, nimemuua kabla ya theluji."

Kisha akaniomba nisimwambie Sunniva. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Kwetu huku mtu yuko radhi kubeba nyumba mgongoni kuliko kutamka sentensi moja mezani.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nimefanya jambo ambalo sikuwahi kudhani mkono wangu unaweza kulifanya.

Neno la mwanamume halitoshi kuwekwa kati ya risasi na mwanangu. Niliyachukua maganda mazuri kuliko yote, wale mapacha wa boksi jekundu. Nikatia fataki nilizoziua kwa mafuta, laini kwa nje kama nzima, maana najua Torgeir atapapasa. Badala ya baruti nikatia semolina ya uji. Nikapima, nikapunguza, nikaongeza, mpaka kila moja ikawa sawasawa na risasi ya kweli. Hata sauti niliifikiria, nikaitikisa sikioni mwangu na kuridhika.

Nitazibadilisha na zake akija. Sijamwambia Asle. Sijawahi kutengeneza risasi zilizolingana namna hii, na hazina uwezo wa kuua hata nzi.

Jumanne, 24 Septemba

Torgeir alipita na begi lake la kuwindia, na alipokwenda msalani nimebadilisha boksi. Kanishukuru kwa kahawa. Mvua imekoma, nyota zinaanza. Kutakuwa na baridi kali.

Jumatano, 25 Septemba

Sunniva yu hai. Naandika hilo kwanza ili nikija kuusoma ukurasa huu uzeeni nisikate roho njiani.

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Umande umeganda kila jani, anga safi baada ya wiki zote zile. Niliachwa kibandani kupika, redio call dirishani. Nilikuwa mtulivu. Nilikata vitunguu vya kukaangia ini nikijiambia, bwawani pale kuna semolina tu.

Kama saa tatu Sunniva alisema redioni kwamba Tussa kapata harufu, wanashuka. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Nikasikia wengine wakinong'ona, kila mtu tayari.

Kisha mlio. Mmoja. Upande wa bwawani.

Sikuelewa. Nilisimama na kisu mkononi nikisema kwa sauti, peke yangu, "Haiwezekani. Haiwezekani. Nilizipima."

Redio kimya. Kisha Frode, kwa uchangamfu: "Hongera, mzee! Kalala?"

Hakuna jibu.

"Kaka," ikaja sauti ya Asle, na sijawahi kuisikia hivyo. "Kaka, jibu. Sunniva, jibu. Sunniva!"

Niliketi sakafuni kati ya maganda ya vitunguu, na nakumbuka niliutazama ule ubao ukutani na kutaka kuung'oa kwa meno.

Ndipo ikaja pumzi ya mtu, kisha mayowe: "Nani kapiga? Nani mwendawazimu kapiga? Niko hapa! Ni mimi niko hapa!"

Na baada yake Torgeir, taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba: "Ni mimi. Sunniva, usisogee, nakuja, bunduki nimeiacha chini. Wote, toeni risasi. Msako umekwisha."

Walirudi mmoja mmoja. Asle kwanza. Alikuwa amevuka mto kwa miguu, maji hadi kiunoni, suruali ikianza kuganda. Sunniva aliingia na damu shavuni, vijiti vya mti vimemchoma. Risasi iliingia kwenye mti wa birchi kando yake, usawa wa shingo, na kati ya shingo na mti kulikuwa na nafasi ya kiganja kimoja tu. Nilimshika nikashindwa kumwachia hadi akasema, "Mama, unaniumiza."

Torgeir aliingia wa mwisho, akipapasa fremu ya mlango kwa mara ya kwanza bila kuficha. Akaketi mahali pake. Akatoa mfukoni boksi langu, akalisukuma mezani.

"Hizi ni zako, shemeji."

Nikalivuta boksi kwangu.

"Nilizitikisa pale lindoni. Mazoea tu, sikuwa na nia ya kuzitumia. Baruti hunong'ona. Hizi zilikuwa zinakohoa. Nikang'oa kichwa kimoja kwa koleo, nikaonja." Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio. "Semolina. Haina hata sukari."

"Semolina?" Frode akauliza.

"Miaka kumi nimekaa msituni na bunduki tupu," Torgeir akaendelea, sasa akiwageukia wote. "Mimi sioni. Wanyama wote hao mnaowaona ukutani ni wa Asle. Nilimpa neno langu kwamba sitaweka risasi, na nililishika, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho bado. Leo nikajua kuna mtu katika nyumba ya ndugu yangu hakuliamini. Nikapandwa na hasira ya kijinga. Mfukoni mwa koti la zamani zilikuwemo tatu alizozitengeneza Borghild. Nikatia moja. Nikasema, basi, iwe bunduki kweli na si fimbo ya kutembelea. Halafu matawi yakavunjika mbele yangu, na kitu cheusi kikapita pembeni mwa jicho, na mkono..." Akakunja ngumi juu ya meza. "Mkono ulikumbuka."

Asle alinitazama. "Ulitia semolina?"

"Ulitaka nitie nini? Neno lake?"

"Ndiyo," akasema Asle.

Hakupaza sauti. Nimeolewa naye miaka mingi na sijawahi kusikia neno fupi likinikata hivyo. Kwa sababu hata mimi naliona: kama ningekwenda kwa Torgeir na kumwambia usoni, "Shemeji, naogopa, kaa na mimi jikoni," angekaa. Niliogopa kumwaibisha, nikaona afadhali nimdanganye kwa ufundi. Na kama ningenyamaza kabisa, angekaa lindoni na bunduki tupu. Lakini hilo nani ana uhakika nalo? Hapo Sunniva yuko upande wangu, lakini si zaidi ya hapo. Kasema sisi sote watatu ni wagonjwa wa akili, kwamba kila mtu alijua jambo linalohusu shingo yake isipokuwa yeye. Kisha akamwambia Torgeir, "Usinisemeshe tena."

Torgeir mwenyewe ndiye aliyempigia simu polisi. Frode alitoka nje, akarudi na kikombe cha kahawa na blanketi, akaviweka mbele ya mume wangu anayetetemeka kwa baridi. "Asle," akasema. Nilingoja lile neno lingine. Hakulisema.

Alhamisi, 26 Septemba

Polisi wamechukua bunduki zote mbili. Vibali vya ndugu wote wawili vimesimamishwa hadi shauri liishe. Usingizi hakuna. Nikifumba macho nasikia mlio.

Jumamosi, 5 Oktoba

Theluji ya kwanza, ikayeyuka. Torgeir hatoki. Asle anampelekea chakula na kurudi kimya. Leo nilikwenda mwenyewe. Nilisimama mlangoni, nikamwambia, "Shemeji, nilikuogopa na sikukwambia. Nisamehe."

"Mimi ningefanya hivyo hivyo," akasema. "Ila ningetumia unga wa shayiri. Unasikika vizuri zaidi."

Nilicheka huku nalia, nikamwachia supu. Alipouliza Sunniva hajambo, nilimwambia kidonda kinafunga. Zaidi ya hapo sikuwa na la kumpa.

Jumapili, 13 Oktoba

Tulipanda kibandani kufunga msimu, kumwaga maji na kuziba bomba la moshi. Wanakundi wote walikuja, na Torgeir pia, mkono begani kwa Asle. Sunniva alikuja kwa sababu nilimwomba. Alikaa karibu na jiko na Tussa, mgongo umetugeukia.

Torgeir aliomba ubao ushushwe uwekwe mezani. Akakunja mikono ya shati, akaanza. Alivua ganda moja, akalipapasa begani kwa kidole gumba, taratibu, kama nifanyavyo mimi. Akipata kikucha, analiweka kulia. Asipokipata, analirudisha. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyethubutu. Nimechambua maganda maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akiyachambua vizuri namna ile, wala kwa gharama ile. Alipomaliza, yalikuwa kulia maganda kumi. Akayavika yote kwenye misumari mitupu ya Asle. Asle alisimama akitazama dirishani, masikio yamemwiva kwa aibu.

Kisha Torgeir akatoa mfukoni ganda moja jingine. Nililijua kabla sijaligusa, ndilo la bwawani. Halina kikucha, kitako kina mhuri wa kiwanda kilichofungwa zamani, na mdomo una ile mikunjo midogo ya mkono wa Borghild.

"Hili ni langu," akasema. "Limetoka kwenye bunduki yangu, kwa kidole changu. Nataka likae hapo kwenye jina langu, ili mtu asije akasema Torgeir alimaliza bila doa. Frode, wewe utakuwa kiongozi baada yangu. Kila mwaka uwaoneshe vijana."

Akanyoosha mkono kutafuta msumari. Sasa safu yake ilikuwa imebaki na mapengo mengi, na kidole kilitangatanga juu ya mbao, kikapita jina lake, kikafika kwa mtu mwingine, kikarudi. Alijaribu tena, akakosa tena. Wanaume wazima wote mle ndani walikuwa wanatazama viatu vyao.

Kiti kilisogea karibu na jiko. Sunniva alikuja, kovu bado jekundu shavuni, akamshika kifundo cha mkono, si kwa upole sana.

"Kushoto, baba mkubwa," akasema. "Hapo. Sukuma."